Mkondo wa Mkanda Hauwashi Taa

Kila nirudipo Lamu, iwe kwa kazi au kwa Maulidi, sikosi mtu wa kuniuliza swali lile lile: "Wewe umesomea bahari, na wasema kuna nchi zinazalisha umeme kwa mkondo. Sasa Mkanda unavyovuta namna ile, mbona hauwashi hata taa moja?" Mwulizaji aghalabu ni nahodha, au abiria wa Faza aliyeupita mlango huo wa bahari mara nyingi kuliko mimi na ameona maji yanavyoikokota mashua ubavu. Mtu huyo hajibiwi ovyo.

Huanza na hesabu. Nguvu iliyomo ndani ya maji yanayokwenda haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde hubeba kama wati 500 katika kila mita moja ya mraba ya tabaini (mtambo wa mapanga yanayozungushwa na maji) inayokabiliana nayo. Yakikimbia mita 2.5 kwa sekunde, hubeba kama wati 8,000. Yakilegea hadi nusu mita, zimebaki wati 64, na hizo nazo mtambo hauwezi kuzivuna zote. Ndiyo maana wenye biashara hii hutafuta mahali ambapo mkondo wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, unapita mita 2 kwa sekunde na kuishika kasi hiyo kwa saa nyingi za kila siku. Katika Ghuba ya Fundy kule Kanada, maji hupanda na kushuka hadi mita 16. Kwetu bamvua ni kama mita tatu.

Kisha huja Mkanda wenyewe. Kwa asiyeujua, ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto, na ndiyo njia ya vyombo viendavyo Pate. Unavuta kwa sababu ni mwembamba na kina chake ni kidogo. Maji yakitoka, chombo kinasubiri yajae au kinazunguka nje kwenye mawimbi. Tabaini ya mkondo inataka nafasi ya kuzunguka. Ile iliyoitwa SeaGen, iliyowekwa Ireland ya Kaskazini mwaka 2008, ilikuwa na rota mbili, yaani seti mbili za mapanga, kila moja kipenyo chake mita 16. Hata tuseme ipatikane ndogo ya kutosha Mkanda, utakuwa umefunga barabara ambayo wajawazito wa Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, hupitishwa usiku kupelekwa hospitali ya Lamu.

"Kwa hiyo mmesomeshwa mje mtuambie haiwezekani?" aliniuliza ami mmoja pale gatini, na watu wakacheka. Nilimwambia ndiyo, sehemu kubwa ya kazi yangu ni hiyo. Mtu mwenye kalamu nzuri na picha za rangi anaweza kuja akaahidi lolote baharini, maana bahari haina uzio wala hatimiliki ya kuonyesha. Wa kumwambia "hapa haiwezekani, na vipimo hivi hapa" hawazidi wachache.

Mimi ni mtoto wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, lakini likizo za utotoni nilizimaliza Matondoni, kwa babu yangu aliyekuwa fundi wa mashua. Kwake nilijifunza kalenda ya maji kabla sijajua kalenda ya ukutani. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakakiacha pakavu, kikakwanguliwa chaza na magamba, kikapigwa moto wa makuti ili fukusi wafe, kisha kikapakwa deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu. Kikikosa kumalizika, kilingoja bamvua ijayo, kwa kuwa maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, hayafiki pale kilipo. Sikujua kwamba nilikuwa nasomeshwa somo la kwanza la kazi niliyokuja kuifanya. Hadi leo, adui mkubwa wa vifaa vyangu ni chaza na mwani wanaojenga juu ya kila kitu kinachokaa majini. Sisi hutumia rangi yenye shaba badala ya deheni, na hatuna la kujivunia kumzidi babu.

Nilipokwenda Uskochi kusomea shahada ya pili, kichwani nilikuwa na mitambo tu. Visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa, vina Kituo cha Nishati ya Bahari cha Ulaya kilichoanzishwa mwaka 2003, ambako kampuni huleta mitambo yao ya mawimbi na ya mkondo kuijaribu katika bahari ya kweli. Huko ndiko mtambo wa Pelamis ulikoingiza umeme wa mawimbi kwenye gridi ya taifa mwaka 2004, wa kwanza wa aina yake duniani kutoka baharini wazi. Nilikwenda nikitarajia kuona chuma. Nilichokiona zaidi ni watu wanaohesabu ndege. Kwenye kisiwa cha Eday, juu ya kilima kinachotazama mlango wa bahari uitwao Fall of Warness, mwangalizi alikaa na darubini kwenye baridi inayopasua midomo, akiandika: sili (mnyama wa bahari za baridi), yuko wapi, aelekea wapi, ndege gani, amezama wapi, mkondo ulikuwa ukienda upi. Siku za mtambo kuwepo, aliandika. Siku za mtambo kutokuwepo, aliandika vile vile.

Niliona ni upotevu wa mshahara. Msimamizi wangu, mwanamke mkimya ambaye hakupenda kueleza jambo mara mbili, alinipa jalada la SeaGen nisome usiku ule, na nikalisoma hadi alfajiri.

Mlango wa Strangford Lough, ulikowekwa mtambo ule, una sili wengi na umehifadhiwa kisheria. Wenye mali waliruhusiwa kwa sharti la ufuatiliaji mkali: takwimu zikusanywe kabla ya mtambo, wakati wa kuuweka na baada yake. Mwanzoni walikaa watu juu ya mtambo wakitazama maji; baadaye ikategemewa sona, kifaa cha kutambua vilivyomo majini kwa sauti. Sili akikaribia, tabaini inazimwa. Ukisoma haraka utasema safi, hakuna sili aliyedhurika. Lakini tafakari. Kama kila sili akikaribia mtambo unasimama, utajuaje sili angefanya nini usingesimama? Angeukwepa? Angepigwa? Sharti lililowalinda wale sili ndilo lililozuia jibu lisipatikane. Mtambo ulifanya kazi yake, ukaja kuondolewa, hadi mwaka 2019 ukawa umetoka majini wote, na swali lile likabaki kwa mitambo iliyofuata. Ripoti kubwa ya kimataifa ya mwaka 2020 juu ya athari za nishati ya bahari ilisema kuwa hakuna tukio lililoonekana la mnyama wa baharini kama sili au pomboo kugongwa na tabaini ya mkondo. Napenda kuwasomesha vijana sentensi hiyo na kuwauliza: ni mara ngapi kulikuwa na jicho la kuona? Maji ya mkondo mkali yana povu na tope, usiku una giza, na kamera huota mwani.

Sisemi hivyo kuipinga nishati hii. Naipenda, la sivyo nisingeifuata hadi kwenye baridi ile. Ila nilijifunza mapema kwamba ufuatiliaji wa mazingira si kibandiko cha kubandikwa mwisho wa mradi, karatasi ya kumridhisha ofisa. Namna unavyoupanga ndiyo inayoamua utajua nini na hutajua nini milele.

La Rance, Ufaransa, ni mfano mwingine nilioukuta vitabuni na baadaye nikautumia sana. Kituo kile cha umeme wa maji kupwa na kujaa, cha megawati 240, kilifunguliwa mwaka 1966 na kingali kinazalisha. Wakati wa kukijenga walilifunga lango la mto kwa ukuta miaka kadhaa, maji ya bahari yakakatika, na viumbe wengi wa ndani wakafa. Ilichukua kama miaka kumi maisha kurudi, nayo hayakurudi yalivyokuwa. Korea Kusini nao, huko Sihwa, walikuwa na ukuta uliojengwa kwa sababu nyingine mwaka 1994, maji ya ndani yakaoza, na walipoutoboa na kuweka kituo cha megawati 254 mwaka 2011, maji yakapata kupumua na usafi wake ukaongezeka. Mitambo inafanana, ukuta unafanana, matokeo yamekwenda njia mbili. Tofauti iko katika hali ya mahali pale kabla mtambo haujaja.

Nilirudi Kenya nikiwa na hamu ya kupima. Kazi za nishati ya bahari zilikuwa haba, karibu hakuna, basi nikafanya nilichopata: vipimo vya mawimbi kwa ajili ya gati, ubora wa maji kwa ajili ya hoteli, ripoti za athari za mazingira zinazotakiwa na sheria ya mwaka 1999. Sitachosha mtu kwa habari za kutoa vifaa forodhani.

Kisha ikaja kampuni moja ya nje, jina lake sina haja nalo, ikitaka kuchunguza mkondo wa visiwa vyetu. Walikuja wakati wa kaskazi, bahari imelala, wakati wa bamvua. Walipima kwa siku chache wakarudi kwao, na picha walizotoa zilionyesha kasi ya juu kabisa waliyoiona, imewekwa kwa herufi kubwa kana kwamba ndiyo kasi ya kila siku. Niliombwa nitie sahihi kama mtaalamu wa hapa. Niliwaandikia kwamba mkondo haupimwi hivyo. Angalau siku 30 mfululizo, zipatikane bamvua mbili na maji mafu mara mbili, ndipo unaweza kuichambua ile nguvu ya mwezi na jua na kutabiri miezi ijayo. Na hata hiyo ni ya maji ya kupwa na kujaa tu, upepo bado. Hawakunijibu. Mradi ukafa wenyewe, na nahisi ulikuwa umefia mikononi mwa mwenye fedha kabla ya barua yangu kufika.

Habari ya upepo nataka kuikalia kidogo, kwa sababu ndipo watu wa nje hukosea sana kwetu. Pwani yetu ina bahari mbili kwa mwaka. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini wakati wote, lakini kaskazi ikishika, Mkondo wa Somalia hugeuka ukaja kusini na kukutana nao mbele ya pwani ya Kenya, kisha maji yote yakakata mashariki kwenda bahari kuu. Kusi ikiingia, kila kitu huvuta kaskazini, na kwa kasi. Yeyote aliyesafiri kwa tanga alijua haya. Babu zetu walikwenda Arabuni na kurudi kwa kuyajua.

Malindi ndiko nilikoyaona kwa macho kwa namna isiyosahaulika. Mto Sabaki humwaga udongo wa bara baharini, maji mekundu yakatanda hadi mbali. Kusi ikivuma, udongo ule huenda kaskazini kuelekea Ngomeni. Kaskazi ikivuma, hushuka kusini na kufika kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo Afrika. Sasa mlete mtaalamu Julai, apime utusitusi wa maji ya hifadhini. Ataandika kuwa maji ni masafi. Mlete Desemba baada ya mvua za vuli, ataandika kuwa matumbawe yanazikwa. Wote wawili wamepima kwa uaminifu. Nikiwa Malindi niliweka vihisi vya tope pande mbili za mdomo wa mto, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikawa na mstari mmoja unaopanda na kushuka pamoja na misimu. Niliuchapisha na kuubandika ukutani, na wageni walidhani ni mapigo ya moyo ya mtu.

Mwaka 1998 ndio mwalimu mkubwa wa jambo hili, ingawa wakati huo nilikuwa bado shuleni. El Niño ilipandisha joto la bahari, na matumbawe mengi ya pwani yetu, Malindi na Kiunga pamoja, yakapauka na kufa katika muda mfupi. Huwa nawauliza wanafunzi wangu: tuseme mwaka 1997 kampuni ingekuwa imeweka tabaini mbele ya Malindi. Mwaka uliofuata, mvuvi anayeona matumbawe meupe angemlaumu nani? Na kampuni ingejiteteaje? Hakuna ambaye angeweza kujibu ila yule aliyepima kabla, na aliyepima pia mahali pengine pasipo na mtambo. Ndipo tunapochagua eneo la kulinganishia, linalofanana na la mradi kwa kina, mchanga na majani ya bahari, lakini liko mbali kiasi cha kutoguswa. Eneo lile likipauka nalo, ujue ni joto la bahari nzima. Likibaki zima, mtambo una la kujibu.

Lamu imeshalipa gharama ya kukosa vipimo hivyo vya kabla. Bandari mpya ya Kililana ilichimbwa, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Miaka kabla ya hapo wavuvi walikuwa wameshakwenda kortini, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kesi ile ilikuwa na mengi: haki ya utamaduni, ya kushirikishwa, ya mazingira safi. Ila kwa mtu wa fani yangu, kilichouma ni swali dogo lililokuwa nyuma ya yote: palikuwa na samaki gani, wangapi, katika maji yapi, kabla ya mashine kuanza kuchimba? Wazee walijua. Walijua fungu gani la baharini lina samaki aitwaye changu na wakati gani, mlango upi duvi hupita. Lakini maarifa yao hayakuwa yameandikwa kwa namna ambayo wakili anaweza kuinua karatasi.

Na ule mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, megawati 1,050, ambao Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni yake Juni 2019? Watu wengi walizungumza moshi, na walikuwa na haki. Mimi niliangalia maji. Mtambo kama ule huvuta maji ya bahari kujipoza na kuyarudisha yakiwa na joto, ndani ya ghuba ambayo maji yake hutegemea kupwa na kujaa kubadilika. Ukitaka kujua joto lile litakaa wapi, unahitaji vipimo vile vile vya mkondo ambavyo watu wa nishati ya bahari huvikusanya. Chombo changu hakijali kama anayenunua data ni rafiki wa mazingira au adui. Mimi ndiye ninayejali, na imenibidi kukataa kazi zaidi ya mara moja pale nilipoambiwa mapema ripoti inatakiwa isemeje.

Kifaa chenyewe cha kupimia mkondo nikieleze, kwa kuwa watu hukiogopa. Hukaa chini ya bahari ndani ya fremu ya chuma, kikitazama juu. Hutoa mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio hugonga vijichembe vinavyoelea, ukarudi ukiwa umebadilika kidogo kulingana na vijichembe vinakwenda au vinakuja, na kwa mabadiliko hayo kinapiga hesabu ya kasi ya maji kuanzia chini hadi karibu na juu. Mwanzoni tulikitia boya la manjano ili tukijue kilipo. Boya lilipotea, na hakuna aliyeshangaa ila sisi: boya zuri lina kazi nyingi kwenye jarife, wavu wa mvuvi. Tulipokwenda kulalamika kwa wazee wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo wao, mmoja akaniangalia kwa huruma.

"Hayo mai mwayapimia nini, binti?"

Nikaeleza mkondo, umeme, athari, samaki. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na mlipokitia pale, mlimuuliza nani?"

Tulikuwa na kibali cha kila ofisi. Kijiji hatukukiuliza, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake. Kuanzia hapo sijaweka kifaa majini pasipo kukaa kikao kwanza na watu wa maji yale, na boya sikuliweka tena. Wavuvi ndio walionionyesha kwamba fremu yangu ilikuwa ndefu na yenye pembe, ikikamata juya. Tulitengeneza nyingine fupi, yenye mbavu za kuteremka, nyavu ziteleze juu yake. Mahali ilipo twajua sisi na wao, na mwenye kuipiga jicho ni nahodha anayelipwa kwa kazi hiyo. Tangu wakati huo hatujapoteza kifaa kwa mkono wa mtu. Kwa mkono wa chaza, tumepoteza.

Faida nyingine ya vikao vile sikuitarajia. Nilikuwa na haidrofoni, kinasa sauti cha majini, kwa kuwa kelele ya mtambo ni moja ya mambo yanayopimwa, na huwezi kuipima bila kujua bahari ilikuwa na kelele kiasi gani kabla. Nikawasikilizisha vijana. Sauti ya kwanza ni kama mafuta ya kukaangia: kamba wadogo wanaobana makucha yao, maelfu kwa maelfu, usiku na mchana. Kisha injini za boti. Kijana mmoja wa Kizingitini alizitambua injini kwa sauti, hii ya fulani, hii imechoka plagi. Akatuambia kuwa tangu boti za injini kubwa zizidi, pomboo hawaingii mlango ule asubuhi. Data yangu ya kelele ilikuwa na umbo la maneno yake, nami nisingejua pa kulitafuta.

Siku hizi ninaulizwa zaidi juu ya upepo kuliko mkondo. Kusi yetu ina asili kubwa: Juni hadi Agosti mkondo mkali wa hewa hupita chini chini kando ya pwani ya Afrika Mashariki kuelekea Somalia na Arabuni, ule ulioelezwa na mtaalamu wa hali ya hewa Findlater mwaka 1969 na kubeba jina lake. Mitambo ya upepo inayoelea imeshathibitika tangu ile ya Hywind ya Uskochi mwaka 2017, megawati 30. Siku moja mtu atapiga hodi Lamu na mradi wa namna hiyo, sina shaka. Nitamwuliza juu ya membe wanaotaga kwenye visiwa vidogo vya Kiunga, na juu ya kebo itakayopita kwenye majani ya bahari wanakojilisha kasa. Na nitamwuliza swali nililojifunza Fundy: nani ataiondoa? Mwaka 2018 kampuni moja iliteremsha tabaini yake chini ya ghuba ile, na muda mfupi baadaye ikafilisika, mtambo ukabaki chini ya maji, wengine wakabaki wakibishana ni wa nani. Pelamis nayo, pamoja na sifa zake zote, kampuni yake ilianguka mwaka 2014. Fedha ya kuondoa mtambo iwekwe benki kabla ya mtambo kuingia majini. Hilo silijadili.

Na visiwani kwetu, kwa sasa? Nitasema ambalo wenzangu wa fani hawapendi nikilisema hadharani. Kwa kijiji cha Kiwayu au shule ya Pate, nunueni paneli za jua na betri nzuri. Jua hamna haja ya kulipima siku 30. Kuna mtu aliniambia nimeisaliti bahari kwa maneno hayo. Nikamwambia kamba wa Kizingitini wanahitaji barafu mwaka huu.

Vipimo vinaendelea, kwa sababu nyingine mbalimbali: njia ya udongo wa kuchimba bandari, mahali pa kupanda mikoko upya ili mbegu zisichukuliwe na maji, na ndiyo, kwa ajili ya atakayekuja na mtambo. Kupima maji yapandavyo na kushuka Lamu kumekuwepo tangu miaka ya tisini, katika mtandao wa dunia wa vituo vya usawa wa bahari. Kituo cha Lamu kiliiona tsunami ya Desemba 2004 ikipita. Mkondo ndio uliokuwa hauna kumbukumbu ndefu, na huo ndio tunaoujengea.

Yule kijana wa Kizingitini sasa ndiye anayezamia kukitoa kifaa, kupakua data na kukikwangua. Mwezi uliopita tulibishana. Mimi nataka eneo la kulinganishia libaki lilipo, ili mstari usikatike. Yeye anasema wakati wa matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki, vyombo vya juya vimeanza kupita pale pale, kwa hiyo si eneo la kulinganisha tena, ni eneo la uvuvi kama mengine. Nilitazama rekodi, na tope linapanda kila alfajiri ya siku za uvuvi, kama alivyosema. Basi tumekubaliana kuweka kifaa cha pili upande wa pili wa fungu, viende pamoja msimu mzima ili tuvilinganishe, ndipo kile cha kwanza kiondolewe. Kikao na wazee ni Alhamisi baada ya alasiri. Tukikubaliwa, tutakiteremsha maji mafu yanayokuja, kabla kusi haijachafua bahari.